Walipozindua Joto la Shambani kwa Baba

Nikisikia mtu kwenye redio akisema kwamba serikali inaunga mkono utafiti wa jotoardhi, nazima redio. Mume wangu ameshazoea. Zamani alikuwa ananiuliza kulikoni. Siku hizi akisikia lile neno "ubunifu" yeye mwenyewe ndiye anayebadilisha stesheni kabla sijasimama. Sina ugomvi na jotoardhi. Ndilo nililosomea, ndilo ninalofundisha chuoni hapa Embu, na ndilo linalolipa kodi ya nyumba yetu ya mtaa wa Majimbo. Ugomvi wangu ni na huko kuungwa mkono. Mimi niliungwa mkono mara moja, nikajua.

Shamba la baba yangu liko ng'ambo ya Maua, pale vilima vya Nyambene vinapoanza kushuka kuelekea nyanda kavu. Vilima vile vilikuwa volkano, na si zamani sana kwa hesabu za sisi tunaosoma mawe. Chini ya shamba kulikuwa na kipande cha ardhi, ukubwa wa uwanja wa netiboli hivi, ambacho hakikujua baridi. Mwezi wa saba, ukungu ukiwa umekalia kila kitu na watu wamejifunga mablanketi mpaka saa sita, mbuzi wetu walikuwa wanakatiza shamba zima kwenda kulala pale. Mama yangu, alipokuwa hai, alikuwa anaanika maharagwe na mahindi yake pale juu ya magunia, wakati ya majirani yalikuwa yanavunda ndani ya nyumba. Wanawake wengine walikuwa wanamwomba nafasi na kuleta mabeseni yao. Hakuna aliyeuliza kwa nini udongo ule ulikuwa na joto. Tulipaita pale pa mama, basi.

Mimi nilikuja kujua kwa nini nikiwa chuo kikuu, na nilipojua sikulala vizuri kwa raha. Kumbe tulikuwa tumekaa juu ya jiko miaka yote, na hakuna aliyekuwa ameinua kifuniko. Nilifikiria mahindi. Kuna mwaka mvua ilikataa kuisha, mahindi yakaota kuvu yangali shambani, na mama mmoja jirani yetu, aliyenifundisha nyimbo za Jumapili nikiwa mdogo, akala ugali wa mahindi yale akafa macho yamegeuka manjano. Mahindi yale yangekaushwa mapema, asingekufa. Nilifikiria pia kuni. Ukipanda Kianjokoma, kule juu ya Embu, siku yoyote utaona malori yanapeleka magogo kwenye viwanda vya kukausha majani chai, mlima mzima unachomwa ili watu wanywe kikombe kimoja. Joto lililo chini ya miguu yetu halikati mti wa mtu. Ndivyo nilivyoamini, na nilikuwa nikisema hivyo darasani kwa sauti ya mhubiri.

Serikali ilikuwa na mfuko wa kusaidia utafiti na ubunifu. Niliomba. Niliitwa Nairobi kujieleza mbele ya wakubwa, na mmoja wao, mwanamume mwenye tai pana, akaniuliza kama jotoardhi si ya Naivasha peke yake. Nikamweleza kuhusu Nyambene taratibu, kama ninavyoeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nikakubaliwa. Sikuamini. Nilimpigia baba simu nikiwa bado kwenye ngazi za jengo lile, na yeye, ambaye huniita "mama" kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, akasema, "Asante, mama. Kumbe hata hao wa juu wana masikio."

Msaada ulikuwa wa awamu mbili. Awamu ya kwanza ilikuwa ya kupima tu: tungetoboa mashimo membamba kwa keekee ndefu ya mkono, tuzamishe mabomba ya plastiki, ndani ya kila bomba tuning'inize vipimajoto, juu tufunike. Awamu ya pili ndiyo yenyewe, mtambo wa kuchimba kwenda chini kabisa, na baada yake nyumba ya kukaushia nafaka kwa joto hilo, wazi kwa kila mkulima wa upande ule. Kati ya awamu hizo kulikuwa na sharti moja, na sitalilaumu, lilikuwa la haki. Udongo wa juu hudanganya. Jua huupasha na mvua huupoza, na mtu anaweza kupima joto la jua akadhani ni la volkano. Kwa hiyo nilitakiwa nifuatilie kiangazi, mvua fupi na mvua ndefu bila kukatiza, mabomba yakiwa palepale yalipo. Ukihamisha bomba, unaanza upya. Likipotea, hali kadhalika.

Baba alitupa shamba bila kuuliza malipo. Jambo moja tu alikataa. Juu kidogo ya pale pa mama kulikuwa na mbaine, ile miraa mikongwe ambayo mtu hapandi, anairithi. Iliachwa na babu yake baba, vigogo vizito vyenye makovu, na kila aliyekuja kwetu alipelekwa kuiona kabla ya kupewa chai. Baba alipokwenda kumwomba mama kwa wazazi wake, kitita alichobeba kimefungwa kwa jani la mgomba kilichumwa kwenye miti ile. Ndugu zangu walipooa, vitita vyao vilitoka palepale. Nilitaka kutoboa shimo moja katikati ya miti hiyo kwa sababu ramani yangu ilinionyesha hapo. Baba alishika ile keekee, akaiangalia ncha yake, akanirudishia.

"Hii itakata mzizi, mama," akasema. "Hapa usitoboe. Kwingine kote ni kwako."

Nikatoboa kwingine. Baba akawa mlinzi wa yale mabomba kuliko alivyokuwa mlinzi wa mbuzi. Aliyapaka vifuniko rangi nyeupe ili mtu asiyakanyage, akayafagilia majani kila asubuhi. Mimi nilikuwa natoka Embu mwisho wa mwezi kuchukua vipimo, naye ananifuata kutoka bomba hadi bomba, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Kiangazi kikapita, joto likasimama pale lilipo. Mvua fupi zikaja, zikanyesha mpaka barabara ikakatika, na joto halikusogea. Nakumbuka nilikaa kwenye tope nikacheka peke yangu. Baba akauliza ni habari njema au mbaya. Nikamwambia kazi imebaki mvua ndefu tu, na zikipita salama, mtambo unakuja.

Mvua ndefu zilikuwa zimekaribia nilipopigiwa simu na kijana mmoja wa mawasiliano kutoka ofisi ya mfuko.

"Daktari, congratulations! Project yako imechaguliwa. Mheshimiwa anakuja kuizindua."

Nikamwambia bado haijaisha.

"Ndiyo maana tunazindua, daktari. Ikiisha, tutakuja tena kufungua." Nikasikia anaandika kitu. "Sasa, hapo kuna mvuke? Ile nyeupe inatoka kwa nguvu?"

"Hakuna mvuke. Ni joto la udongo. Halionekani."

"Hata kidogo tu? Ya picha?"

"Hata kidogo."

"Wananchi wanataka kitu cha kuonekana, daktari," akasema, na sauti yake ikapoa, utadhani nilikuwa nimemnyima kitu cha ndani ya nyumba.

Nilimwomba shughuli ifanyike kwenye uwanja wa shule ya msingi iliyo juu ya barabara, halafu wageni wachache washuke kwa miguu kuona mabomba. Nikamweleza kwa nini pale pa mama hapawezi kukanyagwa na watu wengi. Nikarudia kwa barua pepe, na nikarudia tena kwa simu. Akasema wataangalia. Wiki hiyo nilikuwa nasimamia mitihani, sikuweza kutoka Embu. Nilifika nyumbani asubuhi ya siku yenyewe, nimevaa suti niliyoazima kwa mwenzangu, na moyo, nasema kweli, ulikuwa na furaha.

Mbuzi walikuwa wamefungwa barabarani. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichoona, na nikajua kuna jambo. Halafu nikaona mahema meupe, na viti vimevalishwa vitambaa, na chini ya viti ardhi nyekundu, tambarare, iliyoshindiliwa. Greda ya barabara ilikuwa bado imeegeshwa kando, dereva amelala ndani. Pale pa mama hapakuwepo. Nilitafuta vifuniko vyeupe mpaka macho yakauma. Nikainua kichwa kuelekea juu na nikaona anga mahali ambapo sijawahi kuona anga. Mbaine zilikuwa zimekatwa zote. Magari ya wageni yangeegeshwa pale. Matawi yalikuwa yamerundikwa kando ya uzio, na vijana wa mahema walikuwa wamekaa juu yake wanachuma na kutafuna, wanacheka, miraa ya bure ya siku hiyo.

Nilimkuta chifu karibu na spika, amevaa sare yake iliyopigwa pasi.

"Chifu, mabomba yangu yako wapi?"

"Daktari! Karibu sana. Zile pipe usijali, zilikuwa zinasumbua. Mheshimiwa angejikwaa. Tumekata zote, tukaziba na murram vizuri kabisa."

"Chifu, hizo ndizo project."

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba sina hata mtu mbaya wa kumchukia. "Project si inakuja leo?" akasema. "Mimi nilidhani ni zile za maji za zamani. Daktari, huku kwetu pipe ikisimama kwa shamba na haitoi maji, tunajua hiyo ni project ya serikali ilikufa. Ziko kila mahali. Sasa mgeni wa serikali aje aone zile zilikufa?"

Alikuwa amesema kweli tupu. Tangu nikiwa mtoto nimeruka mabomba makavu yaliyoachwa na miradi ya maji, na kama ningekuwa mimi ndiye chifu, na sijui kilichomo ndani ya yale yangu, labda ningefikiri vilevile. Lakini ofisi ya mfuko ilijua. Yule kijana wa mawasiliano alijua. Alikuwa hapo, amesimama na orodha ya wageni, na nilipomwendea akaniambia, "Daktari, uwanja wa shule ulikuwa mbali na site. Caption ya picha ingesema site." Halafu akanishika kiwiko kwa upole akanionyesha walichonitengenezea. Mbele ya hema kuu, kwenye simenti mbichi, walikuwa wamesimamisha bomba la chuma refu kuliko mimi, limepakwa rangi ya kijani, na juu yake gurudumu la kufungulia. Lilikuwa limenunuliwa duka la hadiwea Maua. Chini yake hakukuwa na shimo.

Sherehe ilikuwa nzuri. Nasema hivyo kwa uchungu, lakini ilikuwa nzuri. Wanawake wa kanisa waliimba, watoto wa shule walikariri ngonjera ya jotoardhi iliyosema mvuke utawasha taa kila kijiji. Mheshimiwa alifika mchana, akahutubia kuhusu vijana na ajira, akasema serikali haijalala. Akavuta pazia kwenye jiwe lenye maandishi. Akazungusha gurudumu la lile bomba la kijani, likalia kidogo, watu wakapiga makofi. Kisha akapanda mti, mche wa mukima ulioletwa kwenye karatasi ya nailoni, na askari akammwagia maji mikononi. Walipanda palepale, katikati ya pale pa mama.

Nilipewa nafasi ya kutoa shukrani. Nilikuwa nimeamua kusema. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Mheshimiwa, mabomba ya utafiti yaliyokuwa hapa yamekatwa, na bila hayo—" na yule mshereheshaji, mtu mwepesi wa kazi yake, akanichukua kile kipaza sauti huku anacheka. "Daktari anaomba serikali iongeze mabomba! Mheshimiwa, umesikia kilio cha wananchi!" Makofi yakalia. Mheshimiwa akainua mkono akasema yataongezwa. Nilibaki nimesimama mbele ya watu wa kwetu, mdomo wazi, na watu wa kwetu wakawa wananishangilia.

Baba alikuwa mstari wa mbele, amevaa koti lake la harusi za watu, amekaa kwenye kiti cha kitambaa. Alikuwa anapiga makofi kuliko wote. Nilimwonea hasira, hasira ambayo sijawahi kumwonea mzazi. Niliyemheshimu kwa sababu hakuniruhusu kugusa mzizi mmoja, amewaruhusu hawa kukata miti yote. Wageni walipoondoka na mahema yakaanza kushushwa, nilimfuata jikoni alikokuwa anatafuta chai.

"Baba, kwa nini umekubali wakate mbaine?"

Alikaa kwenye kigoda, akavua kofia.

"Chifu alikuja na yule kijana wa ofisi yenu," akasema. "Waliniambia magari hayana mahali pa kusimama. Nikawaambia miti hii haikatwi. Wakaniambia, mzee, kama hakuna parking mheshimiwa hawezi kuja, na kama haji, kazi ya msichana wako inafungwa." Akaigeuzageuza ile kofia. "Ningefanya nini, mama? Wewe umetoka Embu kila mwezi, kwa mvua, kwa tope. Nikaona miti ni miti. Nikawaambia wakate."

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nilikuwa nimeiandaa yote kwa ajili yake, na sasa nilikuwa nimesimama mlangoni nimeibeba mikononi. Aliuza kitu ambacho babu yake alimwachia ili aninunulie kitu ambacho watu walewale walikuwa wamekwisha kukizika kwa greda. Nilitamani kulia na sikuweza, kwa sababu angeuliza ninalia nini.

"Na yale mabomba yenu ya plastiki," akaendelea, "nilikuwa nimeanza kuwakataza. Lakini yule kijana akaniambia hayo yalikuwa ya kujaribu tu. Sasa wameleta la kweli."

Nilimimina chai.

Mvua ndefu zilianza wiki ile. Mimi nilizisikiliza nikiwa Majimbo, juu ya mabati, na hakukuwa na kitu hata kimoja ardhini cha kuzipima. Niliandikia mfuko nikaeleza kila kitu, nikaomba niruhusiwe kuanza upya. Mwanamke mmoja mwenye sauti ya uchovu alinipigia. Alisema awamu ya pili haiwezi kutolewa kwa sababu vipimo vya mvua ndefu havipo. Nikamwambia havipo kwa sababu mlikuja kunizindua. Akasema mambo ya uzinduzi ni ya idara nyingine. Nikamwuliza basi nianze upya na pesa zipi, akasema mwaka wa fedha ndio huo unafungwa, na kwamba kwenye taarifa yao mradi wangu tayari umeandikwa kuwa umefanikiwa, kwa hiyo itakuwa vigumu kuufungua tena. Alisema pole. Nadhani alimaanisha.

Nimeiona hiyo taarifa. Mimi nipo ndani, na suti ya kuazima, nimesimama kando ya bomba la kijani. Chuoni waliitundika ile picha ukutani na mkuu wa idara akanipongeza. Wanafunzi hunisimamisha kuniuliza kuhusu mradi wa Nyambene, wakitaka kujua wafanyeje ili nao wasaidiwe. Huwajibu kwamba waandike vizuri. Ningewaambia nini zaidi? Joto bado liko chini ya ile murram, hakuna greda inayofika lilipo. Lakini maji ya barabarani sasa yanateremka mpaka pale, yanatuama, na wanawake wa kwetu wanaanika mahindi pembeni ya lami, magari yakipita karibu na vidole vyao.

Nilikwenda nyumbani Pasaka ya mwaka uliofuata. Nilimkuta baba anashuka shambani na mtungi wa maji begani, naye ana mgongo mbaya. Chifu alikuwa amemwagiza amwagilie ule mukima wa mheshimiwa, maana mgeni anaweza kurudi siku yoyote, na ukifa itakuwa aibu ya kijiji. Nikamwambia mvua inanyesha, mti hauhitaji. Akasema aliagizwa kila siku. Alipomaliza alitoa kitambaa mfukoni akalifuta lile bomba la kijani, kutoka kwenye gurudumu mpaka kwenye simenti, polepole, kisha akasimama kando yake mikono nyuma, kama alivyokuwa anasimama zamani tukikagua.

"Mama," akaniita. "Hili ni zuri kuliko yale yenu. Linapima vizuri?"

Nilikuwa na maneno yote tayari. Nilikuwa nimeyasema kwa simu, kwa barua, kwa mume wangu usiku na mchana.

"Linapima, Baba," nikasema.

Akatikisa kichwa, ameridhika, akaangalia juu kule visiki vilipo.

"Afadhali," akasema. "Ningeumwa sana roho kama ningekata mbaine bure."